UDA, Ikarusi na jinsi daladala zilivyozaliwa

Msikilizaji wetu ukitoka Mpanda kwenda Dar es Salaam, huko mjini utayaona mabasi ya mwendokasi, mengine marefu, yameunganishwa katikati kwa mpira unaojikunja. Vijana wanadhani ni kitu kipya. Waliokaa Dar zamani wanakumbuka Ikarusi za UDA, zilizotoka Hungaria, nazo ziliungwa vivyo hivyo. Watu walizibatiza jina la kumbakumba kwa jinsi zilivyozoa abiria.

Kabla ya UDA ilikuwepo DMT, kampuni ya Waingereza iliyoanza mwaka 1949. Baada ya Azimio la Arusha serikali iliichukua, na mwaka 1974 ikaigawa mara mbili. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, likabaki na mjini. KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, ikapewa safari za mikoani. Jina hilo bado lipo Dar, pale Kamata karibu na Kariakoo. (Sisi wa huku tegemeo letu kubwa lilikuwa treni ya Kaliua, kama wazee wanavyojua.)

UDA ilipewa mji peke yake. Mtu binafsi kubeba abiria kwa nauli lilikuwa kosa. Shida ni kwamba mji ulikua haraka kuliko mabasi. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena 1979, vita vya Kagera vikala fedha za nchi, na bila fedha za kigeni vipuri havinunuliki. Basi likiharibika kifaa kimoja linalala gereji, linaanza kunyofolewa vifaa ili jingine litembee. Nauli nayo ilipangwa na serikali, iwe ndogo mfanyakazi aimudu, kwa hiyo shirika halikupata cha kununulia mabasi mengine. Mtu anasimama kituoni alfajiri, anafika kazini jua limepanda.

Ndipo magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa kujificha, yakikimbia polisi. Yalitoza shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mtaani iliitwa dala. Makonda wakaita "dala, dala!" Mwaka 1983 serikali ilikubali kuyapa leseni. Kwa maoni yetu haikuwa na njia nyingine, maana wananchi walikuwa wameshayapanda siku nyingi.

UDA iliendelea kuwepo, lakini barabara zilishakuwa za daladala. Mwendokasi ulianza Mei 2016, kati ya Kimara na Kivukoni.