Ahadi ya "niwekee" ina bei yake

Mfanyabiashara akimwambia mkulima wa Mloka, "Niwekee ufuta wako, baada ya miezi miwili nitauchukua kwa 3,000 kilo," kisha akaondoka bila kuacha hata senti, amepewa kitu cha thamani bure. Bei ikipanda atarudi na magunia. Ikishuka, simu haipatikani. Katika masoko ya fedha haki ya namna hiyo huitwa opsheni ya kununua. Ikiwa inatumika siku ya mwisho tu, huitwa ya Kiulaya. Huko hulipiwa.

Ilipiwe kiasi gani? Mfaransa Louis Bachelier alilishughulikia swali hilo katika tasnifu yake ya mwaka 1900. Mwaka 1973, soko la opsheni la Chicago lilipofunguliwa, Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni yao, lakini hesabu yake ni nzito. Ndipo mwaka 1979 John Cox, Stephen Ross na Mark Rubinstein, kwa wazo la William Sharpe, wakaishusha hadi kwenye kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Mwaka huohuo Richard Rendleman na Brit Bartter nao walichapisha njia kama hiyo.

Tuijaribu kwa ufuta. Tuseme leo kilo ni 3,000, na baada ya miezi miwili itakuwa ama 4,000 ama 2,400. Riba tuiache kando. Mwenye kutoa haki akope 1,500, aongeze 375, anunue gramu 625. Bei ikifika 4,000, gramu hizo ni 2,500. Akilipa deni inabaki 1,000, sawasawa na anachodaiwa na mwenye haki. Ikishuka, ni 1,500: deni linaisha, naye hadaiwi kitu. Basi haki ile ni shilingi 375 kwa kilo, yaani 37,500 kwa gunia la kilo 100.

Ajabu yake, na ndipo ninapoipenda hesabu hii, hakuna aliyeulizwa kama bei itapanda. Mwenye matumaini na mwenye hofu wote wanafika 375. Ukiigawa miezi hiyo kwa wiki, kisha kwa siku, jibu linaisogelea kanuni ya 1973.

Turudi kwa mkulima wetu: Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 ilimpa njia ya kuweka mazao ghalani na kusubiri bei bila kujifunga kwa mlanguzi wa kangomba. Mkulima wa Rufiji na Kibiti, akija wa "niwekee", mwambie alipie kwanza kusubiri kwako, na fedha hiyo isirudishwe.