Ushahidi Pasipo Kidonda: Historia ya Sindromu ya Utumbo Unaokereka na Jitihada za Kuishi Nayo, 1818–2021

1.0 Utangulizi

Historia ya tiba imezoea kuandikwa kwa kufuata vitu vinavyoonekana: kimelea kilichobainika chini ya hadubini, uvimbe uliokatwa, chanjo iliyopatikana. Sindromu ya utumbo unaokereka haina historia ya namna hiyo. Mgonjwa husokotwa na tumbo, hufunga choo au huharisha, au hupata yote mawili kwa zamu; tumbo hujaa gesi na kuunguruma; naye anapopimwa, utumbo huonekana mzima. Kwa muda wa karne mbili, ushahidi mkuu alionao tabibu umekuwa maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Insha hii inachunguza jinsi maelezo hayo yalivyopokewa, yalivyotiliwa shaka na hatimaye yalivyofanywa kuwa kipimo. Hoja yake ni kwamba mabadiliko makubwa katika kuudhibiti ugonjwa huu yalitokea pale mgonjwa alipoulizwa upya. Aidha, inadai kwamba Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia mlango wa nyuma, ikiwa mfano wa utumbo mzima, na kwamba nafasi hiyo ilificha wagonjwa wake.

Jina lenyewe linahitaji maelezo mafupi. Katika Kiswahili hakuna istilahi moja iliyokubalika kwa ugonjwa huu. Baadhi ya waandishi husema utumbo "wenye hasira". Insha hii inapendelea "unaokereka", kwa sababu hasira ni tabia ya mwenye nayo, ilhali kero humjia mtu kutoka nje. Tofauti hiyo si ya kisarufi tu, kama itakavyoonekana.

2.0 Kutoka ute hadi neva

Maelezo ya awali yanayotajwa mara nyingi ni ya tabibu Mwingereza Powell, aliyeeleza mwaka 1818 kuhusu maumivu ya tumbo yanayoambatana na kuvurugika kwa mmeng'enyo na kujaa gesi. Mwaka 1830 John Howship alidhani chanzo ni mkazo unaoubana utumbo mpana. Mwaka 1849 Cumming aliandika jambo ambalo wagonjwa wa leo wangelitambua mara moja: kwamba matumbo yaleyale hufunga wakati mmoja na kulegea wakati mwingine, katika mtu yuleyule, naye hakuwa na jibu la kwa nini iwe hivyo. Kukiri huko kuna thamani. Waliofuata hawakuwa wakweli kiasi hicho kuhusu mipaka ya ujuzi wao.

Nchini Marekani, Jacob Mendes Da Costa alichapisha mwaka 1871 makala kuhusu wagonjwa waliotoa utando wa ute katika choo. Mwaka huohuo alichapisha utafiti wake maarufu zaidi, kuhusu moyo wa askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, waliolalamikia mapigo ya kasi na kuishiwa pumzi huku moyo ukiwa hauna kasoro ya kuonekana. Kwamba tabibu mmoja alishughulikia kwa pamoja moyo usio na kidonda na utumbo usio na kidonda ni jambo la kuzingatiwa na mwanahistoria: tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa la ushahidi.

William Osler, katika kitabu chake cha kufundishia cha mwaka 1892, aliuita ugonjwa huo uvimbe-ute wa utumbo mpana, akauhusisha na watu wenye histeria na wasiwasi wa kupindukia juu ya afya zao. Kitabu hicho kilisomwa na vizazi vya wanafunzi wa udaktari. Tangu hapo mgonjwa aliyefika akilalamika tumbo alikuwa tayari amekwisha kupewa tabia. Malalamiko yake yakawa dalili ya neva zake, na kadiri alivyoeleza kwa kina ndivyo alivyothibitisha kwamba ana neva.

Haimaanishi kwamba uhusiano wa akili na tumbo ulikuwa wa kubuni. Walter Cannon wa Harvard, alipowalisha paka chakula kilichochanganywa na bismathi na kuwatazama kwa eksirei mwishoni mwa karne ya 19, aliona misogeo ya tumbo ikikoma pale mnyama alipotaharuki. Nusu karne baadaye, mjini New York, Thomas Almy alichunguza utumbo mpana wa watu wazima wenye afya huku wakitiwa msongo. Katika jaribio lililokumbukwa zaidi, mwanafunzi wa udaktari aliyejitolea aliaminishwa, kifaa kikiwa bado ndani ya utumbo, kwamba daktari ameona saratani. Utumbo ulijikaza kwa nguvu. Alipoambiwa ukweli, ukalegea. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu jaribio hilo. Hata hivyo, lilionyesha jambo ambalo kitabu cha Osler hakikulisema: aliyejikaza utumbo hakuwa mtu wa histeria, alikuwa kijana mzima aliyepata habari mbaya.

3.0 Oxford, 1962

Jina linalotumika sasa lilionekana katika makala ya Peters na Bargen ya mwaka 1944, lakini uchunguzi wa kwanza wenye uzito ni wa Chaudhary na Truelove wa Oxford, uliochapishwa mwaka 1962. Walipitia wagonjwa 130 na kutenganisha makundi mawili, wenye maumivu na wenye kuharisha pasipo maumivu. Matokeo yenye maana zaidi kwa insha hii ni kwamba takribani robo ya wagonjwa walisema ugonjwa wao ulianza baada ya kuugua kuhara damu au maambukizi mengine ya tumbo. Wagonjwa walikuwa na historia yao wenyewe ya chanzo, nayo haikuhusu hulka.

Ilichukua miaka mingi kwa dai hilo kupata uthibitisho mkubwa, na uthibitisho wenyewe ulitokana na maafa. Mwezi Mei 2000 maji ya bomba ya mji mdogo wa Walkerton, Ontario, Kanada, yalichafuliwa na bakteria aina ya E. coli O157:H7 na Kampilobakta. Watu 7 walifariki na takribani 2,300 waliugua. Watafiti waliowafuatilia wakazi kwa miaka kadhaa walibaini kwamba waliougua kuhara walipata sindromu hii kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko majirani zao ambao hawakuugua. Utumbo ulikuwa umepona kwa macho ya mpimaji, ila haukurudi ulivyokuwa.

4.0 Kinyesi cha Uganda na pumba za Uingereza

Hadi miaka ya 1960 mwenye utumbo unaokereka aliagizwa kula chakula laini kisichoacha makapi. Agizo hilo lilipinduliwa katika muda mfupi sana, na kilicholipindua kilitoka Afrika Mashariki.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko kwa takribani miaka ishirini. Jina lake linajulikana zaidi kwa saratani ya taya ya watoto aliyoieleza akiwa Kampala. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1929, alichapisha mwaka 1960 kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika, akiorodhesha maradhi ya Ulaya ambayo hakuyakuta kwa wagonjwa wake. Wawili hawa, baada ya kurejea Uingereza, walijenga nadharia ya nyuzinyuzi: kwamba magonjwa mengi ya utumbo ya nchi tajiri yanatokana na kuondoa makapi katika nafaka. Mwaka 1972 Burkitt, Walker na Painter walichapisha vipimo vya uzito wa kinyesi na muda ambao chakula hukaa mwilini, wakitumia vijipande vya plastiki vilivyomezwa na kutafutwa kwa eksirei. Wanavijiji wa Uganda walitoa kinyesi cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na Waingereza takribani gramu 100.

Ni vipimo vyenye manufaa, na hakuna sababu ya kuvibeza. Lakini inafaa kutazama namna vilivyopatikana. Mwanakijiji wa Uganda alipimwa kinyesi; hakuulizwa anavyojisikia. Aliwakilishwa na uzito na saa. Iwapo alisokotwa na tumbo kila alipokula maharage, au alikatiza safari ya sokoni kutafuta mahali pa kujisitiri, hapakuwa na safu ya kuandika hilo. Vilevile, orodha ya Trowell ilitokana na waliofika hospitalini, na mtu mwenye tumbo linalovimba na kunywea hana sababu ya kutembea siku nzima kwenda hospitali ikiwa mganga wa kijijini anamwelewa. Pwani ya Waswahili ina neno "chango", linalobeba maumivu ya tumbo ya namna nyingi, na lina miti shamba yake. Si sahihi kulitafsiri chango kuwa sindromu hii, kwa maana limebeba pia mambo ya uzazi na ya watoto wachanga. Lakini si sahihi pia kudai kwamba eneo lenye neno kama hilo halikuwa na maumivu ya tumbo yasiyoelezeka. Tukikumbuka wagonjwa wa Oxford walioanza kuugua baada ya kuhara, dhana kwamba sindromu hii ni adimu katika nchi ambazo kuhara ni jambo la kila msimu inakuwa ngumu kuitetea.

Nchini Uingereza, pumba za ngano zikawa dawa ya kila mwenye utumbo unaokereka. Ziliagizwa kwa miaka ishirini hivi. Mwaka 1994 Francis na Whorwell wa Manchester walifanya jambo rahisi: waliwauliza wagonjwa 100 pumba ziliwafanyia nini. Asilimia 55 walisema ziliwazidishia ugonjwa. Asilimia 10 tu walisema ziliwasaidia. Wagonjwa hao walikuwa wakijua hivyo muda wote.

5.0 Vigezo, na neno lililoondolewa

Mwaka 1978 Manning, Thompson, Heaton na Morris wa Bristol walijaribu kuutambua ugonjwa kwa maswali badala ya kuufikia kwa kuondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine. Walibaini dalili zilizowatenganisha wagonjwa hawa na wenye kidonda au uvimbe: maumivu yanayopungua baada ya kupata choo, choo kulegea au kuongezeka maumivu yaanzapo, tumbo kuvimba kwa kuonekana. Hapa maelezo ya mgonjwa yaligeuka kuwa kipimo. Kutokana na kazi hiyo, wataalamu wa kimataifa walioanza kukutana Roma mwishoni mwa miaka ya 1980 waliandaa vigezo vilivyorekebishwa mara kadhaa. Toleo la mwaka 2016 linataka maumivu ya angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, dalili ziwe zilianza angalau miezi 6 kabla ya utambuzi, na ziambatane na mambo mawili au zaidi kati ya haya: tendo la kupata choo, mabadiliko ya idadi yake, mabadiliko ya umbo lake.

Toleo hilo liliondoa neno lililokuwamo awali, lililomaanisha hali ya kutojisikia vizuri tumboni isiyofikia maumivu. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba lugha kadhaa hazina neno hilo, au zinalo kwa maana tofauti. Mfasiri wa Kiswahili anaelewa tatizo hilo bila kuelezwa: "usumbufu", "karaha" na "kutojisikia vizuri" havilingani, na mzee wa Pemba na mwanafunzi wa Nairobi hawangejibu swali lilelile. Lakini kuondoa neno kulipunguza pia wagonjwa. Wale wasioweza kuapa kwamba wanaumwa waliachwa nje ya mlango.

6.0 Kuishi nayo

Mwaka 1984 Whorwell na wenzake walionyesha kwamba tiba ya kulazwa usingizi wa kiakili ilileta nafuu kubwa kwa wagonjwa 30 walioshindikana kwa dawa, ikilinganishwa na mazungumzo ya kawaida ya ushauri. Kwa upande wa dawa, kisa cha alosetroni kinafundisha zaidi. Iliidhinishwa Marekani Februari 2000, ikaondolewa Novemba mwaka huohuo baada ya taarifa za utumbo kukosa damu, ufungaji mkali wa choo na vifo. Wagonjwa wengi waliiandikia mamlaka ya dawa wakiomba irudishwe, na mwaka 2002 ilirudishwa kwa masharti makali. Kwamba watu walikuwa tayari kukubali hatari hiyo kwa ajili ya ugonjwa "usioua" ni ushahidi wa uzito wake ambao hakuna kipimo cha maabara kingeutoa.

Mlo unaopendekezwa sasa ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, walioupa jina mwaka 2005. Unapunguza sukari na wanga zinazochachuka utumboni kwa wiki chache, kisha kuzirudisha moja baada ya nyingine hadi kila mtu ajue kinachomdhuru. Ngano, vitunguu, kitunguu saumu, maharage, maziwa na embe huwekwa kando. Wali na ugali wa mahindi hubaki. Kwa kauli ya viambato, mlo huu unawezekana Tanzania au Kenya kwa urahisi kuliko unavyodhaniwa. Ugumu uko kwenye chungu. Mlo huu umebuniwa kwa mtu anayejipikia. Anayekula sinia moja na watu saba, ambaye kitunguu kimekwisha kukaangwa kabla hajaulizwa, atalazimika ama kueleza habari za choo chake mbele ya wakwe au kula na kunyamaza.

Uchunguzi mkubwa wa dunia uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha nchi 33 na watu zaidi ya 73,000. Kwa vigezo vya mwaka 2016, asilimia 4.1 ya waliojibu kwa intaneti walikuwa na sindromu hii, na asilimia 1.5 ya waliohojiwa majumbani. Afrika iliwakilishwa na Misri, Afrika Kusini, Ghana na Nigeria. Uganda, ambayo kinyesi cha wanavijiji wake kilibadilisha mlo wa Uingereza nusu karne kabla, haikuwamo, wala Kenya na Tanzania. Utafiti wa aina hiyo ukifika katika eneo hili, kazi yake ya kwanza itakuwa kuamua swali liulizwe kwa neno gani, na mhojiwa anayejibu "nina chango" aandikwe katika safu ipi.