Koo Moja, Shule Mbili: Tony Bennett

Enrico Caruso alirekodi akiwa amesimama mbele ya pembe ya bati, bila umeme. Sauti yenyewe ndiyo iliyoitikisa sindano ikachimba mfereji kwenye nta, kwa hiyo mwimbaji asiye na kifua hakuwa na kazi pale. Miaka ya 1920 kikaja kipaza sauti cha umeme, na Bing Crosby akaonyesha kwamba mtu anaweza kuimba kama anayezungumza na mwenzake aliyeketi naye benchi moja. Perry Como, mwana wa Waitalia aliyekuwa kinyozi huko Canonsburg, Pennsylvania, aliifuata njia hiyo ya Crosby mpaka mwisho: sauti laini, isiyo na haraka, isiyomkurupusha msikilizaji.

Tony Bennett alizichukua shule zote mbili, na kwangu hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake.

Alizaliwa mwaka 1926 huko Queens, New York, kwa jina la Anthony Benedetto. Baba yake, mwenye duka la vyakula na asili yake Calabria, alipenda sana kuimba. Baba huyo alifariki Tony akiwa na miaka 10. Mama akabaki na cherehani, akilipwa kwa kila gauni alilolimaliza. Bennett alisimulia mara nyingi jinsi mama huyo, pamoja na dhiki yote ile, alivyolisukuma kando gauni duni. Hakutaka kulishona.

Baada ya kupigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili, kijana alisomea uimbaji New York. Kwa Pietro D'Andrea alijifunza uimbaji wa kale wa Kiitalia: pumzi itoke chini, sauti ikae wazi. Mwalimu mwingine, Miriam Spier, alimwambia asiige waimbaji wenzake, aige wapiga ala. Basi akatega sikio kwenye piano ya Art Tatum na saksofoni ya Stan Getz. Mapokeo ya kwanza yalimfundisha kuitunza sauti. Ya pili yalimfundisha kuuchezea wakati, kuchelewesha neno kidogo na kulitua pale usipolitarajia.

Sikiliza wimbo wake kuhusu San Francisco alioutoa mwaka 1962. Mpiga piano wake, Ralph Sharon, alikuwa ameisahau karatasi ya wimbo huo kwenye droo ya mashati. Bennett anauanza kwa sauti ya mazungumzo, kama msafiri anayesimulia alikotoka. Huo ni upande wa Crosby. Kisha mwishoni koo linafunguka na noti inashikiliwa juu, na hapo unamsikia mtu ambaye angeweza kusimama hata mbele ya pembe ya Caruso. Tena alilithibitisha hilo jukwaani: alikuwa akiweka kipaza sauti kando na kuimba wimbo mzima kwa sauti tupu, ukumbi mkubwa ukiwa kimya hadi viti vya juu kabisa.

Somo la cherehani nalo halikumtoka. Kampuni yake ya santuri ilipomshinikiza aimbe vibao vya vijana, alitoa albamu ya namna hiyo mwaka 1970 kwa shingo upande, na haukupita muda mrefu akaondoka. Mwaka 1975 akarekodi na mpiga piano Bill Evans, piano na sauti basi. Kwa maoni yangu hapo ndipo shule zake mbili zilipokaribiana kuliko popote, kwa sababu hapakuwa na okestra ya kujifichia. Miaka ya 1980 alirudi kwenye kampuni ileile akiwa na nyimbo zake zilezile za kale, na mwaka 1995 albamu aliyoirekodi kwenye kituo cha vijana cha MTV ikashinda Grammy ya albamu bora ya mwaka. Alikuwa na miaka 68.

Mwaka 2016 madaktari walimkuta na ugonjwa wa Alzheimer. Agosti 2021, akitimiza miaka 95, alipanda jukwaa la Radio City Music Hall pamoja na Lady Gaga kwa mara ya mwisho. Maradhi yalikuwa yamekwisha kumpokonya mengi, lakini bendi ilipoanza kupiga, maneno ya nyimbo yalikuwapo.