Meli Haimngoji Mtu: Mwongozo wa Kumzungusha Mgeni wa Meli Mombasa kwa Teksi

Msimu wa kaskazi ukiingia, meli za watalii huanza kufunga gati Kilindini, na barzani maswali huwa ni yale yale. Kijana ana gari la mjomba wake, atapataje mgeni? Mwengine ana rafiki wa ng'ambo anayepita kwa meli kwa siku moja tu, amtafutie dereva gani na amlipe vipi? Nimeendesha teksi mji huu miaka mingi, na kila mwaka huwajibu mmoja mmoja. Mara hii nimeona niandike, asomaye amwambie na mwenzake.

Nianze na lililo kubwa. Siku ya meli huuzi masafa, wauza saa. Mgeni wa hoteli akichelewa leo ataona kesho. Mgeni wa meli hana kesho Mombasa. Mengine yote nitakayoyasema, bei, njia, chakula hata maduka, yanatoka hapo.

Meli humngoja nani

Mgeni akishuka ana njia mbili. Anaweza kununua ziara inayouzwa na meli yenyewe, akapakiwa basini na wenzake arubaini. Au anaweza kutoka akakodi gari lake, aende atakapo. Njia ya pili aghalabu ni rahisi zaidi kwake, hasa wakiwa watatu au wanne, na pesa zake hubaki mikononi mwa watu wa hapa.

Lakini kuna tofauti ambayo kila dereva lazima aijue. Basi la ziara ya meli likichelewa, kwa kawaida meli hulingoja, kwa sababu ni ziara yao. Teksi ikichelewa, meli haina habari nayo. Abiria ataachwa, na itambidi ajilipie ndege na hoteli mpaka aikute meli bandari ya mbele. Na huenda pasi yake ya kusafiria imebaki melini.

Kwa hiyo anapopanda gari lako, mgeni amekuamini kuliko alivyoamini basi la meli. Ndiyo sababu wengi huogopa. Dereva mmoja akimchelewesha mgeni mmoja, habari huenea meli nzima, na meli ijayo watu watapanda mabasi na sisi tutabaki getini tukipungiana mikono.

Saa ya nani?

Somo hili nililipata kwa aibu, na sitalisahau.

Nilichukua bwana na bibi wazee kutoka Ujerumani. Meli yao ilikuwa imetoka Shelisheli. Waliniambia mwisho wa kupanda ni saa kumi na moja na nusu jioni, nikawaambia basi tutakuwa gatini saa kumi na nusu, tuna nafasi tele. Asubuhi tukaenda zetu pwani ya Nyali bila haraka, wakaogelea, wakala chakula cha mchana. Halafu Bamburi. Bibi analisha twiga, mimi nimeegemea mti. Saa yangu ni tisa kasorobo. Nikaitupia jicho saa ya mkononi ya yule mzee, inasema kumi kasorobo.

Nilidhani imeharibika. Nikamuuliza. Akanijibu kwa upole kwamba melini hawakubadilisha saa, walitangaziwa wabaki na saa ya Shelisheli mpaka Zanzibar. Shelisheli iko mbele yetu kwa saa moja. Saa kumi na moja na nusu ya meli ilikuwa saa kumi na nusu ya Mombasa. Nafasi tele niliyokuwa nikijivunia ilikuwa imekwisha.

Tuliondoka mbio, na daraja la Nyali likatupokea na foleni: lori limekwama katikati. Nilifika getini zikiwa zimebaki dakika ishirini. Askari aliyekuwa akinijua akaniambia, "Mzee, leo umewakimbiza." Hawakuachwa, lakini Fort Jesus, ambayo yule bwana aliniambia asubuhi ndiyo iliyomfanya ashuke, hakuiona. Nilimrudishia nusu ya pesa. Hakuzitaka, nikamlazimisha. Kosa halikuwa la lori.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuwasha gari huuliza: saa ya meli hivi sasa ni ngapi? Naiweka kando ya saa yangu. Kisha naandika saa ya kurudi kwa hesabu ya ishirini na nne, yaani 16:30, ili kusiwe na mchanganyiko wa saa za Kiswahili na za Kizungu. Saa kumi yetu ni nne yao, na kumi yao ni saa nne yetu. Dereva mzoefu akichoka anaweza kukosea, sembuse mgeni wa kazi.

Na kumbuka kuwa saa ya meli kuondoka si saa ya kupanda. Abiria hutakiwa wawe ndani mapema, nusu saa au saa moja kabla. Mimi hukata tena saa nzima juu ya hiyo. Nikiambiwa mwisho wa kupanda ni 17:30, mimi niko getini 16:30. Mgeni akilalamika kwamba tumewahi mno, hilo ni lalamiko zuri.

Mapatano kabla ya mlango kufungwa

Mambo matano yasemwe, na ni bora yaandikwe karatasini, hata ikiwa nyuma ya risiti ya mafuta:

1. Bei ni ya gari zima, si ya kichwa. Ugomvi mwingi wa getini hutokea hapa: dereva alitaja bei ya mtu mmoja, mgeni akadhani ni ya wote.
2. Ni saa ngapi kwa bei hiyo, na saa ya ziada ni kiasi gani.
3. Kilichomo na kisichomo. Mafuta na maegesho yawe juu ya dereva. Viingilio na chakula juu ya mgeni. Chakula cha dereva usimtwike mgeni kimyakimya.
4. Ni sarafu gani. Mgeni wa siku moja hana M-Pesa. Akilipa kwa dola, mkubaliane kima kabla, na uzitazame noti, kwa sababu zilizochanika au za zamani sana huwa taabu kubadilisha.
5. Pesa zote hulipwa mwisho, mkirudi. Ukihitaji za mafuta, chukua kidogo mwanzo. Dereva anayedai zote asubuhi humtia mgeni wasiwasi siku nzima.

Wewe unayemtafutia rafiki yako gari, muulize dereva mambo haya haya. Muulize pia kama ana beji ya PSV na kama bima ya gari ni ya kubebea abiria wa kulipa. Gari la nyumbani lenye bima ya kawaida likipata ajali na mgeni ndani, bima inaweza kukataa kulipa. Na anayetaka kujiita mwelekezi wa watalii, kazi hiyo ina leseni yake kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Dereva si lazima awe mwelekezi, lakini asijifanye.

Jengine: bandari ina ulinzi. Gari haliingii mpaka gatini bila ruhusa, kwa hiyo mwambie mgeni mapema ni wapi hasa mtakutana, na ampigie nani asipokuona.

Anza mbali, malizia karibu

Wengi huanza na Fort Jesus kwa kuwa iko karibu, kisha huvuka kwenda bara. Hapo ndipo mtego ulipo. Kisiwa chetu ni kidogo, lakini milango yake ni ya kuhesabu: Nyali, Makupa, Kipevu na feri ya Likoni. Mlango mmoja ukiziba, umeshikwa.

Mgeni akitaka Haller Park au pwani ya Nyali, mpeleke asubuhi. Wakati huo magari mengi yanaingia kisiwani, nyinyi mnatoka. Mkirudi kwenye saa nne na nusu, daraja limepumua. Haller Park wageni huipenda kwa sababu ina kisa: yalikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu, mpaka René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971, mivinje ikashika pale ambapo mingine ilikufa. Na hapo ndipo kiboko mdogo Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipomfanya kobe mzee mlezi wake.

Diani siishauri kwa siku ya meli. Feri haina ahadi, na barabara ya Dongo Kundu ni mzunguko. Mgeni akishikilia, mwambie ukweli wa saa kisha aamue mwenyewe.

Mchana uwe kisiwani. Mpangilio wangu ni huu: Marikiti na Biashara Street kwa viungo na leso, Mji wa Kale kwa miguu, Fort Jesus, kisha Mama Ngina kwa dafu na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, mkitazama mlango wa bahari ambao meli yao ilipita alfajiri. Mwisho Moi Avenue, picha chini ya Pembe, na kutoka hapo ni mwendo mfupi mpaka getini. Kukiwa na dharura, yale ya mwisho ndiyo hukatwa, na hukatwa bila hofu.

Useme nini

Usitunge. Mgeni ana simu, atatazama. Yanayotosha ni haya: Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 mpaka wakaitwaa Desemba 1698. Wakati wa mzingiro huo, mwaka 1697, jahazi la vita la Kireno, Santo António de Tanná, lilizama mbele ya ngome, na vitu vilivyotolewa humo vimo ndani ya makumbusho. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na tangu 2011 ni turathi ya dunia ya UNESCO. Viingilio siku hizi ni kwa eCitizen, kwa hiyo uwe na intaneti kwenye simu.

Pembe za Moi Avenue si za ndovu. Ni za bati la alumini, za miaka ya 1950, zilisimamishwa kwa ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza. Nne pamoja zinaandika M. Wageni wengi hushukuru kusikia kwamba hakuna ndovu aliyekufa.

Mji wa Kale unataka adabu zaidi ya habari. Pale si makumbusho, ni majumbani mwa watu. Ndani ya buti yangu kuna leso mbili safi, za wageni waliovaa nguo fupi. Huwapa kwa tabasamu, bila hotuba, na hakuna aliyewahi kukataa. Picha za watu ni kwa ruhusa, na kina mama wa kibarazani wakisema la, ni la. Ijumaa nawaepusha na vichochoro vya misikiti kuanzia saa sita mpaka watu watoke sala. Mwezi wa Ramadhani naomba wanywe maji garini, si njiani.

Kamisheni

Hapa najua nitawaudhi wenzangu. Kuna maduka ya vinyago yanayompa dereva fungu kwa kila mgeni, na kuna madereva wanaompitisha mgeni maduka matatu kabla hajaona ukuta wa ngome. Fungu hilo hulipwa na mgeni, kwa sababu bei hupandishwa, na hulipwa tena kwa saa zake, ambazo ndizo alizonunua kwako. Umemuuzia kitu, kisha ukamwibia kile kile.

Akitaka vinyago mwenyewe, kuna wachongaji wa ushirika wa Wakamba kule Changamwe, atawaona wakichonga kwa macho yake. Lakini liwe ni ombi lake, na lihesabiwe kwenye saa.

Nasema haya kwa sababu meli zinazofika kwetu kwa msimu si nyingi, na gati halina upungufu wa magari. Tunachoweza kushindania ni jina. Yule mzee wa Ujerumani aliniandikia barua baada ya mwaka, akisema rafiki zake wanapita Mombasa, niwapokee. Niliwapokea. Saa tatu asubuhi tulikuwa tumeshaoanisha saa zetu, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nao juu ya kuta za Fort Jesus. Walipiga picha nyingi. Waliniambia ni za kumpelekea yeye.