Wali na Kitoweo cha Kilombero

Mtu asikiapo jina la Ifakara aghalabu fikra zake huelekea mchele, na ni haki yake. Lakini atakaye kuijua siha ya wenyeji wa bonde la Kilombero yampasa kwanza aulizie kitoweo, maana Wandamba, waliolima mpunga tangu zamani katika mbuga zifurikazo kila masika, hawakuwa watu wa wali mtupu. Mto uliwapa kambale na perege, wabichi na wa kubanikwa. Shamba likawapa majani ya maboga na kunde. Na mchele wenyewe, kwa kuwa ulitwangwa kinuni na kupetwa kwa ungo, ulibakiwa na sehemu ya ganda la ndani lenye vitamini, ambazo mashine ya kukobolea huziondoa pamoja na pumba.

Neema hiyo ilikuwa na adui wake. Vita vya Maji Maji vilipofika Ifakara na Mahenge, Agosti 1905, Wadachi walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala kwa makusudi, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Hata katika amani, msimu wenyewe ulikuwa mtihani: masika jamaa huhamia katika madungu ya mashamba ya mbali, kazi ni nzito, ghala yakaribia kwisha, na mbu ndio kwanza wamezidi.

Katika miaka ya 1930 Bwana Shauri A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick, waliotoa kitabu juu ya Wabena wa bonde hili mwaka 1935, walichunguza pia mambo yanayotawala upatikanaji wa chakula katika wilaya ya Ulanga. Nami nawasifu kwa kuuliza swali hilo mapema. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara Ifakara, na katika miaka ya 1980 watafiti wakapima watoto wa kijiji cha Kikwawila, wakiangalia lishe pamoja na malaria na minyoo. Na hivyo ndivyo ipasavyo, kwani mwili wenye homa haunufaiki sawasawa na maakuli yake.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, ilipopita Ifakara, mpunga ulizidi kuwa fedha. Na hata leo mkulima mwenye dhiki huuza magunia yake wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha masika akanunua kwa ghali kilo za mchele aliolima mwenyewe.