Manyatta ya Wajir: Huruma Katika Kumhudumia Mgonjwa

Leo nazungumza hasa na vijana wanaosomea uuguzi, wanaokuja kujifunza kazi katika vituo vyetu huku Bangale, Hola na Garissa. Lakini nawe mgonjwa, au mwenye mgonjwa nyumbani, usiondoke, kwani mambo haya yanakuhusu.

Mwanafunzi akifika wadini hufundishwa kudunga sindano, kupima presha na kujaza faili. Huruma je, atafundishwa na nani? Wengi hudhani mtu huzaliwa nayo. Historia ya jirani zetu wa Wajir yaonyesha kuwa huruma ni kazi, na hujifunzwa kama kazi nyingine.

Mwaka 1969 mwanamke kijana wa Kiitaliano, Annalena Tonelli, alikuja Kenya. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa amesomea sheria. Baadaye alikwenda Wajir kufundisha shule. Huko akakutana na wagonjwa wa kifua kikuu, yaani TB, akaanza kuwauguza huku akijifunza.

Wakati ule TB ilikuwa aibu kubwa, na wengi waliificha. Tena matibabu yalichukua mwaka mmoja au zaidi. Mfugaji akipata nafuu kidogo, na mvua ikinyesha kwingine, alifuata mifugo yake na kuacha dawa. Ugonjwa ukamrudia, ukaambukiza na jamaa zake. Ilikuwa rahisi kusema, "Watu hawa hawasikii."

Katika miaka ya 1970 utafiti uliofanywa hapa Afrika Mashariki ulionyesha kuwa dawa mpya zikichanganywa vizuri zinaponya TB kwa miezi 6. Lakini hata miezi 6 ni mirefu kwa mtu ambaye ngamia wake hawangoji. Mwaka 1976 Annalena alipewa jukumu la kuongoza mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu TB miongoni mwa wafugaji. Badala ya kuwalaumu wagonjwa, aliwaita wapige kambi karibu na kituo. Wakajenga vibanda vyao vya miti na mikeka, wakaishi kama walivyozoea, na kila siku wakameza dawa mbele ya mhudumu. Hiyo ndiyo manyatta ya TB, ambayo baadaye ilienea katika wilaya nyingine za kaskazini. Kumeza dawa mbele ya mhudumu ni njia ambayo Shirika la Afya Duniani lilikuja kuihimiza kote katika miaka ya 1990 kwa jina la DOTS.

Februari 1984, baada ya mauaji ya Wagalla karibu na Wajir, Annalena aliwatafuta majeruhi na kuwatibu. Baadaye ilimbidi aondoke Kenya, akaendelea na kazi ile ile upande wa Somalia. Tarehe 5 Oktoba 2003 aliuawa kwa risasi huko Borama, katika hospitali aliyoianzisha.

Mwanafunzi, shika mambo matatu.

Kwanza, uliza kabla ya kukemea. Mama akikosa tarehe ya kliniki, muulize mifugo iko wapi, watoto amewaacha na nani, na nauli ameipataje.

Pili, mpe heshima yake. Mwite mzee, au mama. Mweleze unachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Usitangaze ugonjwa wake mbele ya watu.

Tatu, pangeni pamoja. Ikiwa kiangazi kitampeleka mtoni Tana, mwandikie barua ya uhamisho mapema apate dawa katika kituo cha huko.

Mgonjwa aliyekemewa leo, kesho haji. Akiacha dawa za TB, viini vinaweza kuwa sugu, na atakayeambukizwa ni mtoto anayelala naye kibandani.

Nawe msikilizaji, ukikohoa kwa wiki 2 au zaidi, ukatoka jasho usiku au ukakonda, fika kituoni upimwe makohozi. Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali. Ukizianza, zimalize hata ukijisikia mzima. Na ukitaka kuhama, tuambie; hatutakugombeza.

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.