Mikoriza Si Mbolea, Wala Si Ugonjwa

Mwaka 1885 Albert Bernhard Frank, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyekuwa akichunguza uyoga wa thamani unaoota chini ya miti, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kuvu na la mzizi, kuupa jina ushirika aliouona mizizini. Kiswahili kimelipokea jina hilo kuwa mikoriza. Wanaolifasiri "kuvu ya mizizi" hawajakosea kwa kamusi, ila shambani wanapotosha. Kwa mkulima wa Tarime au Serengeti, mkoani Mara, kuvu, au ukungu kama wasemavyo wengi, ni fugwe kwenye mtama na uozo kwenye pingili za miwa. Akiambiwa miche yake ina kuvu mizizini atakimbilia dawa. Wapo wauzaji wanaoikwepa hofu hiyo kwa kusema "mbolea hai", na hapo wanaharibu zaidi.

Mbolea huongeza kirutubisho udongoni. Mikoriza haiongezi fosforasi hata chembe; huifuata iliyopo. Fosforasi haisafiri kwenye udongo kama naitreti, hivyo mzizi ukimaliza iliyo jirani hushinda na njaa ilhali nyingine iko sentimita chache mbele. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, huvuka pengo hilo, na mmea huzilipa sukari. Ndiyo maana nashikilia kwamba mikoriza libaki jina la ushirika wenyewe, na kiumbe kiitwe kuvu ya mikoriza. Aliyeelewa hivyo hatainyunyiza kuvu hiyo juu ya ardhi kama urea. Ataiweka kitaluni, chini ya pingili ya muwa ya jicho moja, mizizi ya kwanza iiguse. Wala hatarundika DAP, mbolea ya fosforasi, hapohapo, kwani mmea ulioshiba fosforasi huinyima kuvu nafasi.

Je, udongo wa Mara uliolimwa ulezi, mtama na mihogo vizazi kwa vizazi hauna kuvu hizo tayari? Unazo, maana mazao hayo yote huzipokea, na huko shambani kuongeza nyingine huenda kusilete tofauti yoyote. Kitaluni hoja hiyo inalegea, hasa pale udongo unapopashwa moto kuua vimelea: moto haubagui. Kuzirudisha hakuhitaji kiwanda. Kwa kuwa hazizaliani bila mzizi hai, huzalishwa kwenye vyungu vya mtama, kisha udongo na mizizi iliyokatwakatwa hutumika kama mbegu. Kabichi na sukuma wiki hazifai kazi hiyo, hazishirikiani nazo. Basi anayeuziwa pakiti ya "mbolea hai" aulize kwanza ndani mna kuvu gani na kama bado ni hai, kisha apime fosforasi ya udongo wake kabla ya kulipa.